Maiti Wanaodai Kwao

Filamu ya Mr. Vampire, iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1985 na mwongozaji Ricky Lau, inafunguka na shughuli ya uchukuzi. Ndani ya nyumba moja wamesimama maiti kwenye mstari, wamevaa majoho ya maofisa wa enzi ya Qing, kila mmoja amebandikwa karatasi ya njano kwenye paji la uso. Mwenye mzigo huo ni kuhani wa Kitao mwenye miwani, ambaye riziki yake ni kuwasafirisha marehemu usiku kwa usiku mpaka kwao wakazikwe. Anawaita wateja wake. Mwanafunzi mmoja anafanya utundu, karatasi zinabanduka, na maiti wanaanza kurukaruka ovyo, miguu imebana, mikono imenyooshwa mbele. Mtazamaji anacheka, anashtuka, anacheka tena, na filamu inakwenda kwa mwendo huo mpaka mwisho. Kicheko hicho ndicho kilichoiponza. Nje ya Asia, filamu hii na nyingine nyingi zilizoifuata zimehesabiwa kuwa vichekesho vya ngumi, vya kutazamwa na kusahauliwa, huku sifa zote za sinema ya kutisha zikienda Hollywood na Japani. Naona hukumu hiyo ni ya haraka. Ukiondoa mateke na vichekesho, kinachobaki ni hofu nzito na ya kale: mtu kufa mbali na kwao, akakosa wa kumzika inavyostahili. Hofu hiyo haikubuniwa studioni. Ina historia yake na ina mahali pake, na mojawapo ya mahali hapo ni Huangpu, wilaya ya bandari iliyoko mashariki ya jiji la Guangzhou.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waendao Guangzhou huijua zaidi mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, kwenye maduka ya jumla na migahawa ya Waafrika. Huangpu wengi wao huisikia tu pale makontena yanapotajwa. Lakini kwa karne nyingi hapo ndipo dunia ilipotia nanga. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, serikali ya China iliwafungulia wafanyabiashara wa Ulaya mlango mmoja tu, Guangzhou, na meli zao kubwa hazikuruhusiwa kupita Huangpu. Shehena ilipakuliwa kwenye mashua ndogo ikapelekwa mjini, na mabaharia wakabaki hapo mtoni miezi kadhaa wakisubiri chai na hariri. Homa na kuhara viliwaua wengi. Walizikwa visiwani, na makaburi ya wageni yapo hadi leo kwenye kisiwa cha Changzhou. Humo amelazwa pia Alexander Hill Everett, mjumbe wa Marekani aliyefia Guangzhou mwaka 1847. Si mbali na hapo kuna makaburi ya Waparsi, wafanyabiashara kutoka Bombay, jamaa wa Waparsi wale wale ambao Zanzibar iliwafahamu vizuri. Desturi yao nyumbani ilikuwa kutomzika maiti ardhini bali kumweka juu ya mnara maalumu, wazi kwa jua na ndege. Huangpu walizikwa chini ya mawe kama watu wengine. Ugeni uliwabadilishia hata namna ya kufa. Kisiwa hicho hicho kilikuja kuwa na chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1924, chuo ambacho jina la Huangpu linajulikana nacho duniani, na wanajeshi wake waliouawa kwenye vita vya mwaka 1925 wana makaburi yao papo hapo.

Kuna mgeni mmoja wa Huangpu ambaye habari zake zingetosha kuwa filamu. Katika hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, imesimama sanamu ya mwanamume aitwaye Daxi, mkono wake umeinuliwa usoni kukinga jua, macho ameyaelekeza baharini. Masimulizi ya wenyeji yanasema alikuwa msafiri kutoka nchi ya mbali upande wa Bahari ya Hindi, aliyefika enzi ya Tang akapanda mifenesi miwili uani mwa hekalu. Alijisahau humo, pepo zikageuka, meli yake ikaondoka bila yeye. Kila siku alisimama ufukweni akiitazama bahari, mpaka akafa wima. Watu wakamtengenezea sanamu, wakamvika mavazi ya Kichina na kumpa cheo cha kimungu, na hekalu lenyewe likajulikana kwa jina la mifenesi yake. Watu wa mtaani, kwa ulimi wao mkali wa Kikantoni, wanamwita mzuka wa kigeni. Msomaji wa Lamu hatashangaa sana. Huko Pate na Siyu nako kuna masimulizi ya mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilivunjika, wakabaki, wakaoa, wakawa wenyeji. Ni kisa kile kile kikitazamwa kutoka upande wa pili wa bahari, isipokuwa wa Pate walipata wajukuu, na Daxi alipata sanamu.

Kwa nini wenyeji wamtunze mgeni kiasi hicho? Jibu lipo kwenye mila ya Wakantoni ambayo sinema zao zimeichota moja kwa moja. Kwa mila hiyo, marehemu ana mahitaji: anahitaji kaburi zuri, chakula, ubani, na watoto wa kumkumbuka. Akivikosa, anakuwa mzururaji mwenye njaa. Kila mwaka, mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, familia hutoka barabarani jioni na kuchoma nguo na pesa za karatasi kwa ajili ya wafu wasio na jamaa. Sadaka hiyo ina huruma ndani yake, na ina woga pia. Ukimpa mzuka wa mgeni hata kidogo, atapita nyumba yako bila kugonga. Mkoa wa Guangdong ulikuwa na sababu ya pekee ya kuwaza hivyo, maana ulikuwa mkoa wa watu waliosafiri. Kuanzia katikati ya karne ya 19, vijana wake walimiminika California, Australia, Peru na New Zealand kuchimba dhahabu na kujenga reli, na wengi walifia huko. Vyama vya watu wa nyumbani vilichangishana fedha, vikafukua mifupa, vikaisafisha na kuirudisha. Hospitali ya Tung Wah ya Hong Kong, iliyoanzishwa mwaka 1870, ilikuwa kituo kikuu cha safari hizo, na nyumba yake ya majeneza ya mwaka 1899 ingalipo.

Safari moja ilikwenda vibaya kiasi cha kuwa kumbukumbu ya mataifa mawili. Mwezi Oktoba 1902 meli ya Ventnor iliondoka Wellington ikiwa na mabaki ya Wachina 499 waliofia New Zealand. Wengi wao walikuwa watu wa Panyu, wilaya ya kale ambayo Huangpu ilikuwa sehemu yake. Miongoni mwao alikuwamo Choie Sew Hoy, tajiri wa Dunedin, ambaye enzi za uhai wake alikuwa mstari wa mbele kupanga urejeshaji wa wenzake. Ndani ya meli walikuwamo pia wazee kadhaa wa Kichina waliopewa safari ya bure kwa sharti la kuwahudumia marehemu njiani. Ventnor iligonga mwamba, na siku iliyofuata, tarehe 28 Oktoba, ikazama karibu na Hokianga. Watu 13 walikufa. Mifupa iliyotupwa ufukweni iliokotwa na Wamaori wa Te Roroa na Te Rarawa, wakaizika kwenye ardhi yao wenyewe. Mabaki ya meli yaligunduliwa chini ya bahari mwaka 2012. Sasa rudi kwenye ile nyumba ya Mr. Vampire, kwa kuhani mwenye miwani na wateja wake waliopanga mstari. Wale wazee wa Ventnor walifanya kazi ile ile, bila karatasi ya njano.

Hata kuruka kwa maiti kuna maelezo yanayotokana na uchukuzi. Hadithi za wachunga maiti zinatoka milima ya magharibi ya Hunan, mkoa unaopakana na Guangdong. Inaelezwa kwamba vibarua waliofia mbali walirudishwa wakiwa wamefungwa wima kati ya mianzi miwili mirefu, wabebaji wawili wakiwa mbele na nyuma. Mianzi hupinda na kurejea mtu anapotembea, na kwa mbali, gizani, mzigo huo huonekana kama watu wanaoruka. Maelezo haya yanaweza kuwa kweli yote au nusu. Linalonivutia ni kwamba chanzo cha kiumbe huyu ni umaskini: watu wasio na fedha za gari la farasi wala jeneza zuri, lakini wasiokubali ndugu yao aoze ugenini. Dracula ni bwana mkubwa mwenye ngome. Jiangshi, yaani huyu maiti arukaye wa Kichina, amezaliwa mgongoni mwa vibarua.

Ndiyo maana naamini Mr. Vampire ina akili kuliko inavyosifiwa. Kisa chake kinaanzia kwenye kiwanja. Tajiri wa mji anataka kumfukua baba yake na kumzika upya, akiamini familia itapata bahati. Bwana Kau, kuhani mwingine, anayechezwa na Lam Ching-ying, anagundua kwamba miaka 20 iliyopita mzee huyo alitumia nguvu ya pesa kumlazimisha mtaalamu wa makaburi amuachie kipande hicho cha ardhi. Yule mtaalamu akalipiza kisasi kwa njia ya kitaalamu: alitoa maelekezo ya maziko yaliyokosewa makusudi. Maiti hakuoza. Anapoamka, mtu wa kwanza kumuua ni mwanawe mwenyewe. Baadaye mmoja wa wanafunzi wa Kau anajeruhiwa, na dawa ni mchele wa kunata. Anatumwa mwenzake sokoni, na muuza duka anauchanganya na mchele wa kawaida ili apate faida. Sumu haitoki. Hata kuhani anaangushwa na uzembe wa kazi, kwa kuwa wanafunzi wake wamepiga mistari ya wino wa kinga pande zote za jeneza wakasahau chini. Dhuluma ya ardhi, ulaghai wa dukani, kazi iliyofanywa nusu nusu: haya ndiyo yanayoua watu katika filamu hii. Nani atasema hayo ni mambo ya kitoto?

Msomaji anaweza kuuliza: kama jambo ni zito hivyo, kwa nini wanaruka kama vyura na kutuchekesha? Filamu ya kutisha inayochekesha si imejishusha yenyewe? Swali hili lina uzito kwa mtu aliyezoea kutishwa kwa ukimya na muziki wa chini chini. Lakini matanga ya kwetu yanatoa jibu la karibu. Mwambao na bara, msiba una watani wake, watu wenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuwachekesha waliofiwa, na hakuna anayedhani kwamba kwa hivyo kifo ni mzaha. Sammo Hung, ambaye kwa filamu yake ya mwaka 1980, Encounters of the Spooky Kind, ndiye aliyefungua mlango wa mtindo huu na baadaye akasimamia utayarishaji wa Mr. Vampire, alilelewa kwenye mafunzo ya opera ya Kichina, ambako mzuka, mchekeshaji na mpigaji sarakasi hupanda jukwaa moja usiku mmoja. Kutenganisha kicheko na woga ni mazoea ya watu wengine. Tena kuna ustadi ambao vichekesho vinauficha. Ukikabiliwa na jiangshi unapaswa kubana pumzi, kwa kuwa hakuoni, anakusikia ukipumua. Hebu fikiria mwongozaji amepata nini hapo: waigizaji wote wanalazimika kunyamaza na kutulia, na ukumbi mzima unabana pumzi nao bila kuambiwa. Hollywood ilipokuja kutengeneza filamu za watu wanaolazimika kukaa kimya ili wasikutwe na dubwana, ilisifiwa kwa ubunifu.

Sababu nyingine ya filamu hizi kupuuzwa ni kwamba China yenyewe haikuzibeba. Upande wa bara, serikali kwa muda mrefu imezitazama hadithi za mizimu kama ushirikina usiopaswa kuenezwa. Mwaka 2008 mamlaka ya machapisho iliagiza video zenye mizimu ya kulipiza kisasi na madubwana ziondolewe sokoni. Watengenezaji wa bara wakajifunza hila ambayo kila mpenzi wa sinema za kutisha anaijua na kuichukia: mzuka anatembea saa nzima na nusu, kisha dakika za mwisho inaelezwa kwamba ilikuwa ndoto, dawa za kulevya au ugonjwa wa akili. The House That Never Dies ya mwaka 2014, iliyoingiza fedha nyingi sana, ni mfano mmoja. Huangpu na Guangzhou zilikuwa na njia ya panya. Miaka ya 1980 mapaa ya Guangdong yalijaa antena zenye umbo la mfupa wa samaki, zote zimeelekezwa kusini kunasa televisheni ya Hong Kong inayozungumza lugha yao. Maofisa walizishusha, wenyewe wakazipandisha tena. Hivyo hadithi za wafu ziliwafikia kwa mawimbi ya hewa hata pale majumba ya sinema yalipokuwa yamefungwa kwao, na kwa Wakantoni wa bara sinema ya kutisha imekuwa zaidi jambo la sebuleni. Lam Ching-ying mwenyewe alimalizia kazi yake kwenye televisheni, kwa mfululizo wa kituo cha ATV wa miaka ya 1995 na 1996 alioigiza tena kama kuhani mwindaji wa maiti. Alifariki Novemba 1997 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 44, na nje ya Asia ya mashariki mfululizo huo haujulikani sana. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yake iliyo bora baada ya filamu ile ya kwanza, kwa sababu televisheni ilimpa nafasi ya kuchoka na kutilia shaka kazi yake, mambo ambayo filamu ya dakika tisini haina muda nayo.

Kilichotufikia sisi rasmi ni kingine. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilianza kuonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa. Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Katika ziara hiyo hiyo alikwenda kuweka maua kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina nje kidogo ya jiji, ambako wamelazwa zaidi ya 60, wengi wao waliokuja kujenga reli ya TAZARA miaka ya 1970. Wakazikwa ugenini, wakawa wetu kwa namna fulani, kama Daxi wa Huangpu. Sina ugomvi na mama wakwe wa Doudou. Ila tukitaka kujua Mchina anaogopa nini, na kwa hiyo anathamini nini, makaburi yale yana habari nyingi kuliko tamthilia, na filamu za jiangshi ndizo zinazoyazungumzia makaburi.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la kimaadili, na halifai kurukwa. Tanzania inajua gharama ya kuamini mambo haya. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Je, katika nchi kama hiyo ni busara kusifu filamu za mizimu? Na kama serikali ya China inasema zinaeneza ushirikina, je, haina haki kiasi? Jibu langu ni kwamba filamu za kutisha hazifanani, na tofauti yake ipo kwenye kidole: nani ananyooshewa? Sinema yetu ya kutisha, ambayo nayo imepuuzwa isivyo haki, ilianza kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, kwa bajeti ndogo na kamera za video, na filamu hizo zilikuwa na ujasiri wa kuwaleta viumbe wa masimulizi ya kwetu mbele ya kamera wakati wengine wakiiga mapenzi ya Kinaijeria. Namheshimu kwa hilo. Lakini filamu nyingi za Kibongo zilizofuata zilifuata njia rahisi: kuna msiba nyumbani, kuna msukule shambani, na aliyefanya ni mama mkwe, shangazi au jirani mzee. Msukule ni hofu ya aliye hai kuibwa na aliye hai mwenzake, hivyo hadithi yake inamhitaji mchawi. Mtazamaji anatoka bandani akiwa na jina la mtu kichwani.

Jiangshi haelekezi huko. Anayesumbua ni marehemu, na kosa ni la waliomdhulumu au kumsahau. Tiba ni kumpa haki yake, kumrudisha kwao, kurekebisha kaburi. Kau hachunguzi nani mchawi mjini. Anauliza nani alizikwa vipi. Hata anayekataa kabisa kuwapo kwa mizimu, kama wengi tunavyokataa, hawezi kudhurika kwa kuambiwa kwamba deni kwa wafu lilipwe na ardhi iliyoporwa huzaa balaa. Ndiyo maana marufuku ya jumla naiona kuwa dawa butu: inazima filamu inayofundisha uangalifu kwa wafu pamoja na ile inayowasha moto nyumbani kwa kikongwe, bila kutofautisha.

Lipo pia pingamizi la mtu mwenye hesabu zake. Waliotengeneza filamu hizi walitaka pesa, atasema, Mr. Vampire iliingiza zaidi ya dola milioni 20 za Hong Kong, ndipo zikazaliwa filamu nyingine nyingi za maiti warukao, na hizo habari za Ventnor na Waparsi umezipachika wewe. Ni kweli walitaka pesa, na ni kweli filamu nyingi zilizofuata ni takataka; watoto wa jiangshi wanaopendeza waliongezwa ili kuuza, na nisingemshauri mtu azitafute zote. Lakini biashara haielezi kwa nini watu wa Hong Kong walilipa kumtazama huyu na si dubwana jingine. Hong Kong ya mwaka 1985 ilikuwa mji wa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wengi wao asili yao Guangdong, na mwaka mmoja kabla Uingereza na China zilikuwa zimetia saini makubaliano kwamba mji ungerudishwa mwaka 1997. Familia nyingi zilikuwa na kaburi upande wa pili wa mpaka. Hata gati kuu za mji zilibeba jina la Huangpu, kwa matamshi ya Kikantoni, kupitia kampuni ya Whampoa iliyoanzishwa mwaka 1863. Mwongozaji hakuhitaji kuwaza hayo. Mtazamaji alikuja nayo ukumbini.

Wala hatuhitaji kuagiza hofu hiyo ya kufia ugenini kutoka nje. Kila jumuiya ya Watanzania, Wakenya au Wakongomani ughaibuni inalijua daftari la michango ya kusafirisha maiti: bei ya jeneza la ndege, vibali vya ubalozi, simu za usiku kwenda kijijini, ubishi kama azikwe huku au arudishwe. Siwezi kufikiria kitu kinachofaa zaidi kwa sinema ya kutisha ya Kiswahili, na kisichohitaji mchawi hata mmoja.

Atakayetaka kuzijua filamu hizi aanze na Mr. Vampire, atazame familia nzima. Kisha atafute Rouge ya Stanley Kwan, ya mwaka 1988, ambamo Anita Mui ni mzuka wa mwanamke aliyejiua mwaka 1934 pamoja na mpenzi wake na sasa anarudi kumtafuta kwa tangazo la gazeti; hatishi mtu, anahuzunisha tu, na kwangu ndiyo filamu bora ya mizimu iliyowahi kutoka Hong Kong. Rigor Mortis ya Juno Mak, ya mwaka 2013, aiache mwisho, na watoto wakiwa wamelala. Imewarudisha baadhi ya waigizaji wa Mr. Vampire wakiwa wazee, kwenye jengo la nyumba za kupanga lililochakaa, ambako kuhani aliyekosa maiti wa kuwinda amegeukia kupika na kuuza ule mchele wa kunata. Humo hakuna kicheko. Humo pia hoja yangu ya kidole inayumba, kwa sababu anayefanya ubaya ni bibi kizee, fundi wa kushona aitwaye Mui, anayetaka mumewe arejee, na gharama yake ni uhai wa mtoto wa jirani mwenye nywele nyeupe. Mtanzania hawezi kuitazama sehemu hiyo kwa wepesi, na asijaribu. Tofauti na filamu zetu za mama mkwe ni kwamba Juno Mak anatukalisha kwanza na huyo bibi muda mrefu, akiongea na maiti wa mumewe, akimsihi arudi, mpaka tumjue kama mjane kabla hatujamjua kama muuaji.